Thunderbird kwenye kompyuta ya ofisi: inavyohifadhi barua, inavyoharibika na inavyochukuliwa nakala

Kwa wakala wa forodha pale Malaba, au mfanyabiashara wa Kampala anayeshushia mizigo yake Mombasa, barua pepe ni kabati la ofisi. Humo ndimo zilimo hati za shehena, ankara za wauzaji, risiti za malipo na ubishi wote kuhusu tozo za kuchelewesha kontena. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5. Programu inayokaa kwenye kompyuta yenyewe inafaa kazi hii kwa sababu barua zinabaki kwako hata mtandao ukipotea. Na mtandao hupotea: tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima hadi tarehe 18. Aliyekuwa na barua zake kwenye diski alizisoma siku zote hizo. Aliyezoea kuzifungua kwenye kivinjari alisubiri.

Thunderbird ni programu ya barua pepe ya bure, na imekuwepo tangu toleo la 1.0 la Desemba 2004. Sasa iko chini ya MZLA, kampuni tanzu ya Wakfu wa Mozilla. Sura yake mpya, kalenda na urahisi wa kuandika barua tunaviacha kando. Tunachopima hapa ni uhifadhi: barua zinakaa wapi, nini kinaziharibu, na nakala ya akiba inapatikana vipi. Kwa ufupi, Thunderbird inahifadhi kwa uwazi kuliko washindani wake, ila haina kitufe cha kuchukua nakala kwa ratiba. Kazi hiyo imeachiwa mwenye kompyuta, na wengi hawajui kwamba wameachiwa.

Kila kitu kimo kwenye folda moja inayoitwa profaili. Kwenye Windows iko ndani ya %APPDATA%\Thunderbird\Profiles, na jina lake ni herufi zisizo na maana zikifuatiwa na .default-release. Folda ya AppData imefichwa, kwa hiyo usiitafute kwa macho: ndani ya Thunderbird fungua menyu ya Help, chagua Troubleshooting Information, kisha kwenye mstari wa Profile Folder bonyeza Open Folder. Kwenye Linux huwa ni ~/.thunderbird, lakini Ubuntu za karibuni zinazotumia kifurushi cha snap zimeihamishia ~/snap/thunderbird/common/.thunderbird. Aliyezoea njia ya zamani anaweza kunakili folda tupu kila wiki akidhani amejikinga.

Ndani ya profaili kuna folda mbili za kuangalia. Mail ina akaunti za POP, zinazoshusha barua kutoka kwenye seva hadi kompyuta, pamoja na Local Folders, yaani folda za kompyuta yenyewe. ImapMail ina barua zilizopakuliwa za akaunti za IMAP, ambazo barua zake hukaa kwenye seva na kompyuta huzifuatisha. Fungua mojawapo utaona faili linaloitwa Inbox, halina kiendelezi (herufi za mwisho wa jina kama .txt), na pembeni yake kuna Inbox.msf. Lile la kwanza ndilo lenye barua zenyewe, zote zikiwa zimeunganishwa mfululizo pamoja na viambatisho vyake. Lile la .msf ni faharasa tu. Ukilifuta programu ikiwa imefungwa, Thunderbird italitengeneza upya. Ukifuta lile lisilo na kiendelezi, umefuta barua. Folda ndogo zilizo ndani ya Inbox hukaa kwenye Inbox.sbd.

Inafaa kulitazama faili hilo kwa karibu mara moja, kwa sababu ndipo utaratibu mzima unapoeleweka. Chukua nakala ya folda ndogo, uifungue kwa Notepad++, kihariri cha maandishi. Kila barua inaanza na mstari kama huu:

From - Tue Mar 4 09:12:31 2025
X-Mozilla-Status: 0001

Namba 0001 inamaanisha barua imesomwa. Ukiifuta, programu haiiondoi mahali ilipo. Inabadilisha namba iwe 0009, yaani imesomwa na imefutwa, kisha inaacha kuionyesha. Barua inaendelea kula nafasi ya diski mpaka folda ibanwe. Ndiyo maana mtu anafuta barua 3,000 zenye picha za makontena na diski haipungui hata kidogo. Na ndiyo maana pia barua iliyofutwa kimakosa, hata kama sanduku la taka limeshamwagwa, inaweza kupatikana endapo folda haijabanwa: funga Thunderbird papo hapo, nakili faili lote mahali pengine, tafuta barua hiyo kwenye nakala, rudisha 0009 iwe 0001, kisha weka nakala hiyo kwa jina jipya ndani ya Mail\Local Folders. Ukifungua programu utaiona kama folda mpya. Faili la GB kadhaa litaigandisha Notepad++, kwa hiyo ujanja huu ni wa folda za wastani.

Kubana kunafanywa kwa amri ya Compact: bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, au tumia menyu ya File kubana folda zote za akaunti. Programu inasoma faili la zamani, inaandika faili jipya lenye barua hai peke yake, halafu inaliweka jipya mahali pa la zamani. Hapo katikati faili zote mbili zipo kwa pamoja. Kwa hiyo Inbox ya GB 6 inahitaji karibu GB 6 nyingine za nafasi tupu, na kompyuta nyingi za ofisi zenye SSD ya GB 128 hazina. Dalili ya kazi iliyokatika njiani ni faili zinazoitwa nstmp, nstmp-1 na kuendelea. Ukizikuta, jua kuna wakati kubana kulishindikana: diski ilijaa, antivairasi ililishika faili, au umeme ulikatika.

Umeme kwetu si jambo la kudhania. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, haifai kubana folda kubwa mchana kweupe kazi ikiendelea. Nenda kwenye Settings, sehemu ya General, chini kabisa penye Disk Space, uweke programu iulize kila mara kabla ya kubana, maana bila hivyo itaanza yenyewe taka zikifikia kiasi fulani cha MB, na haichagui saa. Kisha ubane mwenyewe, folda moja moja, baada ya kuchukua nakala. Laptopu yenye betri nzima iko salama zaidi hapa kuliko mashine ya mezani ya bei kubwa.

Tiba nzuri kuliko zote ni kutoiacha Inbox inenepe. Inbox ndilo faili linaloandikwa kila barua inapoingia, kwa hiyo ndilo linaloharibika kwanza. Lisizidi GB 1 au 2, mengine yahamie kwenye kumbukumbu za mwaka. Kwenye Account Settings fungua Copies & Folders, na kwenye Message Archives chagua Local Folders, mpangilio wa kila mwaka. Baada ya hapo unachagua barua zilizokwisha kazi, unabonyeza herufi A, zinakwenda zenyewe kwenye folda ya 2023, 2024 au 2025. Folda ya mwaka uliopita haibadiliki tena, haibanwi tena, na ukishainakili mara moja huna haja ya kuinakili kila wiki. Angalizo: kwa akaunti ya IMAP, hatua hii inaiondoa barua kwenye seva, nayo haitaonekana tena kwenye simu. Kompyuta inabaki na nakala pekee duniani.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. IMAP inalinganisha, haihifadhi akiba. Karani akifuta folda ya mteja kwenye simu yake, Thunderbird ya ofisini itaifuta pia mara ikiunganika. Akaunti ikifungwa na mwenye seva, au malipo ya jina la tovuti yakisahaulika, kilichobaki kwenye ImapMail ni cha kuokolewa haraka: weka programu nje ya mtandao kwa Work Offline kabla ya kitu kingine chochote, kisha nakili barua hadi Local Folders. Hili linawezekana tu ikiwa barua zilipakuliwa nzima. Hakikisha kwenye Synchronization & Storage kwamba alama ya kuweka barua kwenye kompyuta hii imewekwa, wala hakuna kikomo cha ukubwa au siku kinachoruka viambatisho vikubwa.

Watumiaji wa Gmail wana tatizo la ziada. Kila lebo inaonekana kama folda, halafu kuna All Mail yenye barua zilezile tena. Bila kuigusa mipangilio, barua moja yenye kiambatisho cha MB 8 inaweza kupakuliwa mara mbili au tatu, na bando linaisha. Ondoa All Mail kwenye orodha ya folda za kupakuliwa, ukijua kwamba barua zisizo na lebo yoyote zimo humo peke yake. Au fanya kinyume, pakua All Mail na uache lebo. Njia hiyo ya pili ndiyo bora kwa nakala ya akiba, hata kama mpangilio wa folda unapotea. Google pia imeweka kikomo cha kupakua kwa IMAP, MB 2,500 kwa siku, kwa hiyo sanduku la GB 12 linataka karibu siku tano. Ukiona limekwama siku ya kwanza si ugonjwa. Liache, liendelee kesho usiku.

Sasa nakala yenyewe. Kwenye menyu ya Tools kuna Export, inayofunga profaili nzima ndani ya faili la zip. Ni nzuri kwa akaunti changa, lakini ina mpaka wa GB 2, na ofisi ya mizigo inaupita ndani ya mwaka. Tungeiweka kwenye kundi la vitu vya kuhamia kompyuta mpya, si vya akiba. Njia ya kuaminika ni kunakili folda yote ya Thunderbird kwa mkono, programu ikiwa imefungwa. Kufunga dirisha hakutoshi. Fungua Task Manager uhakikishe hakuna thunderbird.exe inayoendelea, kwa sababu faili za sqlite (hifadhidata ndogo za programu) zikinakiliwa zikiwa zinaandikwa, nakala inatoka ikiwa na kasoro ambayo hutaiona mpaka siku ya kuihitaji.

Kwa Windows, amri hii inafanya kazi bila programu ya kununua:

robocopy "%APPDATA%\Thunderbird" "E:\Thunderbird-2026-01" /E /R:2 /W:5 /LOG:"E:\ripoti.txt"

Badilisha E: iwe herufi ya diski yako. Mwishoni mwa ripoti kuna jedwali. Safu ya FAILED lazima iwe sifuri. Kuna wanaopenda kuweka /MIR badala ya /E ili nakala ifanane kabisa na chanzo. Kwa barua pepe hatuishauri. Chanzo kikiharibika leo, Inbox ikawa KB 0, /MIR italibeba balaa hilo hadi kwenye akiba bila kuuliza. Afadhali folda yenye tarehe kila mwezi, na diski mbili zinazopishana, moja ikilala nyumbani. Kwenye Linux, rsync -a inatosha.

Flashi inatosha kwa ofisi ndogo, ila nyingi hutoka dukani zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalozidi GB 4. Windows itasema faili ni kubwa mno hata kama flashi ya GB 64 iko tupu. Iumbize upya kwa exFAT au NTFS kabla ya kuweka chochote. Hapa ndipo tabia ya Thunderbird ya kuweka folda nzima ndani ya faili moja inapokera. Kuna chaguo la maildir, linaloweka kila barua kwenye faili lake, ambalo kwa nadharia lingerahisisha nakala, lakini bado linahesabiwa kuwa la majaribio na linachaguliwa wakati wa kufungua akaunti. Kwa kumbukumbu za biashara tungekaa na mfumo wa kawaida.

Ukiwa na haraka, au nafasi ni finyu, jua kipi cha kuacha. Faili la global-messages-db.sqlite ni faharasa ya utafutaji. Linaweza kufika mamia ya MB na linajitengeneza upya, wala halina haja ya kunakiliwa. Kulifuta programu ikiwa imefungwa ndiyo dawa pia pale utafutaji unapokosa barua unayoiona kwa macho. Visivyoachwa ni Mail, ImapMail, prefs.js, abook.sqlite na history.sqlite zenye anwani, folda ya calendar-data, na jozi ya logins.json na key4.db. Jozi hiyo ndiyo yenye nenosiri zako. Moja bila nyingine haifai kitu.

Kosa linalofichika: baadhi ya mafundi huhamishia barua diski D ili kupunguza mzigo wa C. Hapo profaili inanakiliwa vizuri kabisa lakini barua hazimo. Tazama Server Settings ya kila akaunti, na ya Local Folders pia, mstari wa Local Directory. Njia ikianza na kitu kingine tofauti na profaili, iongeze kwenye amri yako. Wengine huiweka profaili ndani ya OneDrive au Google Drive ijinakili yenyewe. Usifanye hivyo. Huduma hizo zinashika faili programu inapotaka kuliandika, na kila barua moja mpya inailazimisha huduma ishughulike na badiliko kwenye faili la GB kadhaa. Mwenye bando la kupima atalia.

Antivairasi nayo ni adui wa aina yake. Ikikuta kiambatisho kibaya ndani ya Inbox, inaweza kulifungia faili lote, yaani barua zako zote, kwa ajili ya kirusi kimoja. Iagize iiache folda ya profaili, na kwenye Privacy & Security ya Thunderbird washa chaguo linaloruhusu antivairasi kukamata barua moja moja zinapoingia.

Folda ikifunguka tupu, usibonyeze kitu. Angalia kwanza ukubwa wa faili kwenye diski. Likiwa bado na GB zake, faharasa ndiyo iliyoharibika: nakili faili, kisha bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Repair Folder, na barua zitarudi baada ya dakika kadhaa. Kwa folda ya IMAP, amri hiyohiyo inaweza kupakua kila kitu upya, kwa hiyo subiri ufike penye mtandao wa bei nafuu. Faili likiwa KB 0, Repair haina cha kukarabati. Tafuta nstmp, karantini ya antivairasi, kisha diski ya akiba.

Kwa mkaguzi au wakili, usimpe profaili. Kiongezi cha ImportExportTools NG kinatoa folda nzima kama faili za EML (kila barua faili lake), PDF au HTML yenye orodha. Barua zenye mada ndefu hushindwa kwa sababu ya mpaka wa Windows wa herufi 260 kwenye njia ya faili, basi toa kwenye folda fupi kama C:\K na ufupishe majina kwenye mipangilio yake. Viongezi hutaka kulingana na toleo la programu, nayo Thunderbird tangu Machi 2025 inatoa kwanza toleo la kila mwezi. Ofisi isiyotaka mshangao ichague toleo la ESR, lile la muda mrefu lisilobadilika kila mwezi, kwenye ukurasa wa kupakua.

Usiri ndio udhaifu ambao hatuwezi kuupuuza. Barua hizo zote zinasomeka na yeyote mwenye diski, na bila Primary Password, yaani nenosiri kuu la programu, hata nenosiri zilizohifadhiwa zinafunguka. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inambebesha mwenye taarifa za wateja jukumu la kuzilinda, na flashi iliyoachwa kwenye teksi haina utetezi. Washa Primary Password, na uifunge diski ya akiba kwa BitLocker ikiwa una Windows Pro, au VeraCrypt ambayo ni ya bure.

Tukiilinganisha na Outlook ile ya kawaida, faili lake la barua, PST, lina kikomo cha GB 50 na chombo rasmi cha ukarabati, scanpst.exe, ambacho Thunderbird haina mfano wake. Lakini PST ikikataa kabisa, huna la kufungua kwa kihariri cha maandishi. Ofisi inayoishi kwa kalenda za pamoja za Exchange, seva ya barua ya Microsoft, ibaki huko. Waliokuwa na programu ya Mail ya Windows, iliyosimamishwa mwisho wa 2024, hapa watapata makao yanayofaa.

Mwisho ni kujaribu kurudisha, tena kwenye kompyuta nyingine. Sakinisha Thunderbird toleo lilelile au jipya zaidi, ifungue mara moja na uifunge, kisha weka folda ya akiba juu ya ile ya %APPDATA%. Ikifunguka ikiwa tupu, imechagua profaili nyingine: nenda Troubleshooting Information, fungua about:profiles, uiweke ya zamani kuwa ya kwanza. Jaribu ukiwa umezima mtandao, ili mashine ya majaribio isianze kuvuta barua za POP kutoka kwenye seva. Linganisha idadi ya barua za folda mbili tatu na kompyuta ya asili, na ufungue kiambatisho cha PDF cha mwaka wa zamani kuliko yote. Ikilalamika kwamba profaili ilitumiwa na toleo jipya zaidi, usilazimishe kwa --allow-downgrade. Pandisha toleo la programu kwanza.